Paka wa nyumba haingwa

Najua wengi wenu mnapita hapa kutafuta habari za jiji, foleni, umeme na vituko vya chumba cha habari. Leo mniwie radhi, nataka kuongea habari za paka. Ndiyo, paka hawa hawa, nyau. Nimeahirisha kuandika habari hii kwa muda mrefu kwa sababu kila nikianza naishia katikati. Ila wiki iliyopita dada mmoja tunayefanya naye kazi aliniambia ameokota paka mdogo kituo cha daladala na kumpeleka kwake moja kwa moja, kwenye paka wake wengine watatu. Nikamuuliza: umempima? Akanitazama kana kwamba nimemuuliza kama huyo paka ana kitambulisho cha taifa. Hapo nikajua kuandika ni lazima.

Basi tuanze mwanzo.

Naishi Mwananyamala, nyumba ya kupanga, chumba na sebule. Hadi mwanzoni mwa 2023 nilikuwa na paka wanne. Mkubwa wao ni Chausiku, jike jeusi tii, niliyemrithi kwa mpangaji aliyehama akaacha paka, ndoo mbovu na deni la maji. Wa pili ni Sultani, dume lililohasiwa, mtu mzima, halitaki mazoea na mtu. Wa tatu na wa nne ni Kipusa na Jivu, watoto wa uzao wa mwisho wa Chausiku kabla sijampeleka kufungwa kizazi. Jivu alikuwa mtu wa kuzurura ndani ya nyumba kivyake. Lakini Chausiku na Kipusa walikuwa kitu kimoja. Wanalala kwenye beseni moja la kufulia, mama kamkumbatia binti, ingawa binti alishakuwa mkubwa kuliko mama. Nikitaka kufua lazima niombe beseni langu.

Machi 2023, masika yanaanza, natoka kazini saa mbili usiku, mvua inanyesha ile ya Dar, maji mpaka kwenye magoti. Chini ya meza ya muuza chipsi nikasikia sauti. Paka mdogo, ameloa, anatetemeka, anatosha kwenye kiganja. Nikamtia kwenye mkoba, juu ya daftari la kazi. Nilipofika nyumbani nikamkausha kwa kanga, nikampa dagaa aliyechemshwa, akala mpaka akalala usingizi na uso ndani ya kisahani. Nikamwita Dagaa.

Kipusa akamchukua Dagaa kama mwanawe. Akamlamba kutwa nzima, masikio, shingo, mkia. Wakala sahani moja, wakanywa bakuli moja, wakalala beseni moja, sasa watatu na Chausiku. Mimi nikapiga picha, nikawatumia marafiki, nikajisifu kwamba nyumba yangu ina upendo. Kumbe ule ulimi wa Kipusa niliokuwa naupiga picha ndiyo ulikuwa njia yenyewe.

Mwezi Juni Dagaa akaanza kuzubaa. Wenzake wanakimbizana, yeye amekaa. Hakuwa anaongezeka. Nilimtia kwenye mfuko wa rambo nikaenda naye kwa Mangi wa duka la kona, nikamuomba mizani. Mangi akagoma, anapimia sukari pale! Nikambembeleza, akatandika gazeti (la kampuni yetu, ndugu zangu), akapima: kilo 1 na robo. Baada ya wiki mbili nikarudi, kilo 1 na robo ile ile. Siku hiyo nikamfunua mdomo kumtazama. Fizi zilikuwa nyeupe kama karatasi.

Nikampeleka kwenye kliniki ya kwanza. Sitaitaja. Wakamtazama bila kumgusa sana, wakampa sindano ya dawa ya minyoo na vitamini, wakasema arudi baada ya wiki. Siku ya tano akapata homa kali. Nikaambiwa kuna daktari mwingine wa mifugo upande wa pili wa mji, nikachukua bajaji. Huyu alikuwa kijana, amesoma Sokoine, Morogoro, anaongea taratibu. Alipoona zile fizi akanyamaza kidogo, halafu akaniuliza swali ambalo sikulitegemea: "Dada, nyumbani una paka wengine?"

Nikamwambia wanne. Akaguna.

Kipimo chenyewe ni kidogo, kinafanana na kile cha malaria cha haraka. Tone la damu, matone ya dawa, unasubiri kama dakika 10. Nikakaa kwenye benchi natazama kile kiplastiki. Mstari mmoja ukatokea. Halafu wa pili, taratibu, kama anayesitasita. Daktari akasema: "Ana virusi vya lukemia ya paka."

Mimi ni mwandishi wa habari, kazi yangu ni kuuliza maswali. Siku ile niliuliza maswali mpaka wateja wengine wakaanza kukohoa. Nitawapa majibu niliyopewa, pamoja na niliyoyasoma baadaye, maana nililala nayo miezi mingi.

Lukemia ni saratani ya damu, ila jina hili linadanganya kidogo. Si kila paka mwenye virusi hivi hupata saratani. Wengi huishiwa damu, kwa sababu virusi huingia kwenye uboho wa mifupa, mahali damu inapotengenezwa. Wengine kinga ya mwili huporomoka, wakafa kwa mafua, kuharisha au vidonda vya mdomo ambavyo paka mwingine angevimudu. Wengine ndiyo hupata uvimbe wa tezi, saratani yenyewe.

Virusi hivi hukaa zaidi kwenye mate na kamasi. Vimo pia kwenye mkojo, kinyesi na maziwa ya mama, na mama anaweza kuwaambukiza watoto tangu tumboni. Paka huambukizana kwa kulambana, kula pamoja na kuumana. Yaani, kwa lugha nyepesi, ni ugonjwa wa marafiki. Paka anayeishi peke yake ndani hana shida nao. Wanaokaa wengi na kupendana ndiyo walio hatarini. Na mdogo yuko hatarini zaidi ya mkubwa, mwili wa paka mzima hujitetea vizuri zaidi.

Wala si ajabu kwamba ugonjwa wenyewe uligunduliwa kutokana na nyumba yenye paka wengi. Mwaka 1964, kule Glasgow, Scotland, mtaalamu wa mifugo William Jarrett na wenzake waliviona virusi hivi kwa hadubini, baada ya kufuatilia nyumba moja ambamo paka kadhaa walipata saratani ya tezi. Watu wakajiuliza, saratani inaambukizaje? Mwaka 1973 ikathibitishwa kwamba kweli virusi hivi hutoka kwa paka mmoja kwenda kwa mwingine. Chanjo ya kwanza ikatoka Marekani mwaka 1985.

Nikamuuliza daktari: ni ukimwi wa paka? Akasema hapana, ule ni mwingine, virusi vyake viligunduliwa mwaka 1986 huko California, navyo pia katika nyumba yenye paka wengi, na huambukizwa zaidi kwa kuumana. Ila vyote viwili ni ndugu wa mbali wa VVU, viko katika ukoo mmoja wa retrovirusi. Nilipokuja kusoma nikakuta kwamba wataalamu wa virusi vya paka walikuwa miongoni mwa waliosaidia dunia kuelewa ukimwi. Mmoja wao, Max Essex wa Harvard, daktari wa mifugo kwa taaluma, alianza na lukemia ya paka, akahamia kwenye ukimwi, na mwaka 1996 chuo chake kikaanzisha ushirikiano wa utafiti na serikali ya Botswana. Kwa hiyo anayecheka kwamba utafiti wa paka ni mchezo wa Wazungu, apunguze kicheko.

Na swali ambalo kila mtu ananiuliza: binadamu haambukizwi. Mbwa haambukizwi. Kuku haambukizwi. Ni paka kwa paka.

Siku iliyofuata nikawabeba wote wanne kwa bajaji, kwenye matenga mawili ya nyanya niliyoyafunga kwa kamba. Dereva akaniuliza nawapeleka sokoni? Sikuwa na nguvu ya kutania. Vipimo vile vilikula karibu nusu ya mshahara wangu. Sultani: hana. Jivu: hana. Chausiku: hana. Kipusa: mistari miwili.

Sasa ndugu zangu, hapo ndipo palipokuwa na mtihani. Nilirudi kwenye ile kliniki ya kwanza kuwaeleza, nikidhani labda itawasaidia kwa wateja wengine. Niliyemkuta akaniambia bila kupepesa: wachome sindano wote watano, pulizia dawa nyumba, subiri, anza upya. "Paka wamejaa mitaani, dada." Nikatoka bila kuaga.

Daktari wangu yeye alinipa njia tatu. Kwanza, kuwatafutia wenye virusi nyumba nyingine isiyo na paka. Nikacheka. Nani Mwananyamala atapokea paka mgonjwa? Pili, kuwaacha wote pamoja na kukubali litakalotokea. Tatu, kuwatenganisha. Mlango mmoja katikati, wenye virusi huku, wasio navyo kule, vyombo mbali mbali, mchanga mbali mbali, na wazima wapate chanjo. Akaniambia ukweli bila kuremba: Dagaa, kwa hali aliyonayo, hana muda mrefu. Kipusa haijulikani. Paka wengi ambao virusi vimeshinda mwili wao hufa ndani ya miaka mitatu. Ila paka mkubwa mwenye afya anaweza kupigana na virusi vikarudi nyuma, vikajificha. Kipimo cha leo si hukumu. Akasema tutarudia baada ya wiki 6.

Nikachagua mlango.

Nikamgawa Kipusa na mama yake.

Dagaa na Kipusa wakakaa chumbani nami. Chausiku, Sultani na Jivu sebuleni. Beseni jekundu la chumbani, beseni la bluu la sebuleni. Asubuhi nahudumia sebuleni kwanza, halafu chumbani, nikitoka chumbani nanawa kwa sabuni mpaka kwenye viwiko na kubadili kanga. Daktari alinifariji jambo moja: virusi hivi ni dhaifu vikiwa nje ya mwili. Vikikauka vinakufa baada ya muda mfupi, sabuni na jiki ya kawaida vinavimaliza. "Dawa yako ya kwanza," aliniambia, "ni sabuni na komeo."

Komeo! Usiku wa kwanza Chausiku alilia mlangoni mpaka alfajiri. Si kile kilio cha njaa, wanaofuga paka wanaelewa. Usiku wa pili nikasikia kitu kinakwaruza sakafu. Nikawasha taa ya simu. Chausiku ameingiza mkono chini ya mlango, na huku upande wangu Kipusa amelala chali anaulamba.

Nilikaa kitandani nikawatazama kwa muda. Halafu nikachukua kanga, nikaikunja, nikaziba ile nafasi. Kipusa akanitazama. Nimeandika habari za misiba na ajali nyingi kazini, lakini ile kuziba mlango kwa kanga ndiyo imebaki.

Mama mwenye nyumba, ambaye ni mtu wa Pangani na ni mcha Mungu, akasikia kilio cha Chausiku kwa siku tatu akaja kunigongea. "Mwanangu, shikamoo yako naipokea, lakini nakuuliza. Unaijua habari ya yule mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka?" Nikamwambia naijua Mama, yule alimfungia asimpe chakula wala asimwache ajitafutie. Mimi nawafungia ili wale na wapone. Nikamweleza yote, kipimo, mate, mlango. Akauliza wajukuu zake wako salama? Nikamhakikishia. Akafikiri. Nikajiandaa kuambiwa niondoe paka au nihame mimi. Akasema: "Basi. Paka wa nyumba haingwa." Akaenda zake. Kwa vijana wa leo, kuinga ni kufukuza, kama unavyoinga ndege shambani. Paka wa nyumba hafukuzwi.

Si wote walikuwa hivyo. Jirani mmoja alipita akisema kwa sauti kwamba kwangu kuna paka wenye ukimwi, watoto wasiingie. Mwingine akasema ndiyo maana siolewi, nalea wagonjwa wa kinyau. Nilicheka, lakini iliniuma kwa sababu nyingine. Nilikumbuka utotoni, miaka ya tisini, jinsi watu walivyotenga sahani na vikombe vya shangazi yetu mmoja. Yule hakuwa wa kutengewa vyombo, ugonjwa wake hauambukizwi kwa kikombe. Mimi nilikuwa natenga sahani kwa sababu ya kweli, paka kweli huambukizana kwa sahani. Hata hivyo kila nilipoosha lile beseni jekundu peke yake nilimkumbuka shangazi.

Ratiba yangu ikawa hivi. Kila asubuhi, mbele ya dirisha, nafunua midomo kuangalia rangi ya fizi. Kila Jumamosi, mizani (nilinunua yangu, Mangi alishanichoka). Chakula chote kimepikwa. Zamani nilikuwa naletewa utumbo wa samaki kutoka Feri, nawapa mbichi. Daktari alikataza kabisa, kwa sababu paka asiye na kinga hawezi kupambana na vijidudu vya nyama mbichi. Dawa ya minyoo kwa wakati, dawa ya viroboto kwa wakati. Dagaa alipewa dawa za homa na za kusaidia damu. Nilimuuliza daktari kuhusu AZT, ile ile iliyokubaliwa mwaka 1987 kutibu watu wenye VVU, maana nilisoma kwamba hutumika pia kwa paka. Akasema ni kweli, ila nayo inaweza kupunguza damu, na Dagaa hana damu ya kupunguza.

Chanjo ya wale wazima haikuwepo siku ile. Ilibidi iagizwe, nikasubiri. Na katika kusubiri ndiyo nikafanya kosa langu la pili.

Ilikuwa mwezi Julai. Kulitokea moto kwenye maghala, tukakesha huko. Nilirudi saa kumi alfajiri nanuka moshi, nikaingia chumbani, nikajitupa kitandani na viatu. Nilipoamka jua limeshawaka. Komeo halikufungwa. Katikati ya kitanda, juu ya miguu yangu, Chausiku alikuwa amelala amemkumbatia Kipusa, na Dagaa kajibana katikati yao. Chausiku alikuwa anawalamba mmoja baada ya mwingine, kwa zamu, taratibu, kama mtu anayelipiza siku zote zile.

Kwa sekunde chache nilifurahi. Halafu nikakumbuka.

Nikamtoa Chausiku kwa nguvu, akanikwaruza mkono, kovu ninalo. Nilimpigia daktari nikilia. Akasema usiku mmoja si lazima uwe mwisho wa dunia, paka mzima mara nyingi huhitaji kukaa na mwenye virusi kwa muda ndipo aambukizwe, na huyu alikaa naye miezi mitatu kabla hatujajua. Lakini mara nyingi si kila mara. Tusubiri kipimo. Mwisho wa Julai tukapima tena. Chausiku: hana. Kipusa: bado mistari miwili. Wiki ile ile chanjo ikafika, wale watatu wakachanjwa, na dozi ya pili wiki tatu baadaye. Daktari akanikumbusha kwamba chanjo haimsaidii aliyekwisha kuambukizwa, na hata kwa mzima si ngao ya asilimia 100. Komeo liendelee.

Dagaa alifariki Septemba. Wiki ya mwisho alikuwa hawezi kupanda kitandani, nikatandika godoro chini tukalala wote watatu. Daktari alikuwa ameniambia nisingoje mpaka aanze kuhema kwa shida, na asubuhi alipoanza, nilimpigia. Alikuja mwenyewe nyumbani na pikipiki. Kipusa aliendelea kumlamba hata baada ya sindano. Tulimzika nyuma ya nyumba, chini ya mwembe, mama mwenye nyumba mwenyewe alionyesha mahali. Alikuwa na kilo 1 na gramu 400. Gramu 150 ndizo alizoongezeka kwangu kuanzia Juni. Mnaweza kuniona mjinga, lakini zile gramu nazihesabu.

Kwa muda mrefu nilijilaumu. Ningempima siku ile ya mvua, Kipusa asingeambukizwa. Ni kweli, na sitaki mtu anifariji kwa kusema si kweli. Wala sijuti kumwokota. Yote mawili yanakaa kwenye kichwa kimoja.

Oktoba tukampima Kipusa kwa mara ya tatu. Nikakaa benchi lile lile. Mstari mmoja. Nikasubiri. Dakika 10 zikapita, dakika 15, mstari ukabaki mmoja. Daktari akapima tena kwa kifaa kingine kuhakikisha. Mmoja.

Akanieleza taratibu ili nisishangilie kupita kiasi. Hii haimaanishi virusi vimetoka mwilini. Vimerudi nyuma, mwili umevishinda, ila alama yao inaweza kubaki kwenye chembe za uboho, na kipimo cha PCR (kile tulichokisikia sana wakati wa Korona) huweza kuiona. Paka wa namna hii kwa kawaida haambukizi wenzake. Lakini kinga yake ikishuka sana, au akipewa dawa zinazokandamiza kinga, virusi vinaweza kuamka. Kwa hiyo kila baada ya miezi 6 tunampima. Na wenzake waendelee kuchanjwa.

Jioni ile nikafungua komeo. Nilitegemea nini? Nilitegemea mama na binti wakimbiliane kama kwenye filamu za Kihindi. Chausiku akaingia, akamnusa Kipusa, akarudi nyuma, akafura manyoya na kumfokea kama mgeni. Kipusa akakimbilia chini ya kitanda. Miezi minne ya kanga chini ya mlango. Walikuwa hawajuani tena.

Nilikaa sakafuni nikalia kuliko nilivyomlilia Dagaa.

Kabla sijamaliza, haya ndiyo niliyojifunza, kwa anayefuga paka zaidi ya mmoja:

1. Paka mpya apimwe kabla hajaonja sahani ya wenzake. Kama huna uwezo siku hiyo, mtenge chumba kimoja mpaka upate.
2. Kipimo kimoja si hukumu. Kirudiwe, kwa aliyekutwa navyo na kwa asiyekutwa navyo pia, maana maambukizi mapya huchelewa kuonekana.
3. Kipimo hiki hakichanganyikiwi na chanjo. Mtu asikwambie paka wako anaonyesha virusi kwa sababu alichanjwa.
4. Mwenye virusi akae ndani, ahasiwe, ale chakula kilichopikwa, na aonwe na daktari angalau mara mbili kwa mwaka hata kama anaruka ruka.
5. Angalia fizi. Ni bure. Pinki ni nzuri, nyeupe ni mbio kwa daktari.
6. Mzani wa jikoni utakwambia mambo wiki mbili kabla ya macho yako.
7. Usiue paka kwa sababu ya mstari kwenye kiplastiki. Muue, kama ni lazima, kwa sababu anateseka.

Na kuhusu Chausiku na Kipusa: nilianza upya. Nikawa nawalisha pande mbili za mlango uliofungwa, halafu mlango ukiwa wazi kidogo, halafu sahani zikisogea kiganja kimoja kila siku. Kanga aliyolalia mmoja nampelekea mwingine ainuse. Iliniuchukua karibu miezi miwili. Hawajarudi kulala beseni moja. Kipusa yu hai, mnene, mkorofi, vipimo vyote tangu hapo mstari mmoja. Analala kwenye jekundu, mama yake kwenye bluu, na mabeseni yote mawili sasa yako sebuleni, yanagusana. Mimi nafulia ndoo.

Yule dada wa kazini kampeleka paka wake kupimwa jana. Hana. Ameniandikia ujumbe mmoja tu: "Asante kwa kunichosha."

Haya, tuonane tena panapo majaaliwa.